Waliogoma Kuhama Toleo

Mwaka 1978, mchawi aliyetaka kurusha tufe la moto ndani ya ushoroba mwembamba alikuwa na sababu nzuri ya kusita. Kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons za wakati ule zilisema moto huo hujaza nafasi ya takriban futi za ujazo 33,000, na kuta zikiubana hutafuta pa kwenda, hata ikibidi kumrudia aliyeurusha. Wachezaji walishika kalamu wakapiga hesabu ya upana wa chumba na kimo cha dari kabla ya kuthubutu. Toleo la tatu, la mwaka 2000, likaifuta hesabu hiyo: moto ulipewa nusukipenyo cha futi 20, na ukifika ukutani uliishia hapo. Toleo la nne, lililotoka Juni 2008, likaenda mbali zaidi. Mapambano sasa yalichezwa juu ya ramani ya miraba, na kwa kuwa hatua ya mshazari ilihesabiwa sawa na hatua ya kunyooka, kila duara liligeuka kuwa mraba. Tufe la moto likawa eneo la miraba saba kwa saba, lenye pembe nne, na mchawi aliruhusiwa kulirusha mara moja tu kwa siku.

Asiyecheza ataona haya ni mambo madogo mno ya kuvunjia urafiki. Lakini urafiki ulivunjika. Makundi yaliyozoea kukutana kila wiki yaligawanyika, wengine wakahamia vitabu vipya, wengine wakakataa katakata, na kwa takriban miaka sita ikawa vigumu kulitaja toleo la nne mbele ya wachezaji wageni bila kwanza kujua wako upande gani. Nimezisikiliza hoja za pande zote, na msimamo wangu ni huu: waliolipinga toleo hilo walikosea katika mengi waliyoyasema kuhusu kanuni zake, lakini jambo lililowauma lilikuwa la haki kabisa. Mchezo huu nusu yake hutungwa na mtu aliyeununua. Mwenye hakimiliki anapoubadilisha anaigusa na ile nusu ambayo hakuitunga yeye, na mpaka leo makampuni yanayochapa michezo ya namna hii hayajajifunza kuikumbuka mapema.

Mchezo wenyewe ulitoka Januari 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waasisi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wapenzi wa michezo ya vita inayochezwa kwa vinyago vya askari. Arneson, aliyekuwa akiishi Minnesota, ndiye aliyewatoa wachezaji wake katika kuongoza majeshi na kumpa kila mmoja mtu wake wa kumwongoza, katika ngome ya Blackmoor na mahandaki yaliyo chini yake. Gygax akayapanga mawazo hayo yakawa kanuni, na kampuni yake na wenzake, TSR, ikachapa nakala 1,000 za mwanzo: vijitabu vitatu ndani ya boksi.

Unavyochezwa ni hivi. Watu wanne au watano wanaketi mezani. Mmoja wao, anayeitwa DM, ameandaa dunia: mji, mtawala wake, pango lililo nje ya mji na zimwi lililomo pangoni. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, ambaye maisha yake yameandikwa kwenye karatasi moja: nguvu, akili, silaha, pointi za uhai. DM anaeleza wanachokiona, wachezaji wanasema wanachokifanya, na pale ambapo matokeo hayana uhakika dadu inaamua, hasa ile ya pande 20. Hakuna mshindi. Mhusika akitoka salama leo, wiki ijayo anaendelea alipoishia, na anaweza kuendelea hivyo kwa miaka mingi.

Kitabu cha kanuni, basi, hakina hadithi ndani yake. Hadithi iko kwenye madaftari ya DM, kwenye ramani alizochora kwa mkono, kwenye majina ya wafalme aliowabuni usiku wa kuamkia siku ya mchezo, na kwenye kumbukumbu za wachezaji ambao bado wanamtaja mwenzao aliyekufa darajani akiwazuia maadui ili wengine wakimbie. Kazi hiyo yote haikulipwa na mtu, wala hakuna kampuni iliyoifanya. Lakini imesimama juu ya kanuni ambazo kampuni inazimiliki.

Bao la Kiswahili halina mkasa huu. Kete zake 64 na mashimo yake 32, namua na mtaji, nyumba na kichwa, vyote havina mwenyewe, na wachezaji wa barazani Zanzibar wakibishana juu ya kanuni wanabishana kama watu walio sawa. Hakuna ofisi yenye uwezo wa kutangaza kwamba kuanzia Juni nyumba imefutwa. Dungeons & Dragons ina ofisi hiyo, na imepita mikono kadhaa. TSR ilipoelemewa na madeni ilinunuliwa mwaka 1997 na Wizards of the Coast, kampuni ya jimbo la Washington, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999.

Manung'uniko ya matoleo hayakuanza 2008. Toleo la pili, la 1989, liliondoa majina ya mashetani na majini wabaya baada ya miaka ya wazazi na makanisa ya Marekani kuushutumu mchezo, na wapo wachezaji waliolitazama jambo hilo kama woga. Toleo la tatu lilipokelewa kwa shangwe zaidi, kwa sehemu kwa sababu watu walikuwa wameuona mchezo ukikaribia kufa. Miaka mitatu baadaye, Julai 2003, vitabu vilevile vikarudi vikiwa na marekebisho, toleo la 3.5, na wanunuzi wakanung'unika juu ya pesa. Yote hayo yalipita. La 2008 halikupita, na ili kuelewa kwa nini ni lazima kwanza kuwatendea haki waliolitengeneza.

Rob Heinsoo, Andy Collins na James Wyatt walikabili tatizo la kweli. Katika toleo la tatu mchawi na mpiganaji walianza safari wakiwa karibu sawa, kisha mmoja akamwacha mwenzake mbali. Wakifika ngazi ya 15 mchawi anaruka angani, anawahamisha wenzake wote hadi mji mwingine kufumba na kufumbua, anaita viumbe wa kupigana badala yake. Mpiganaji anasema, "Napiga kwa upanga." Zamu yake ikirudi anasema tena, "Napiga kwa upanga." DM naye alitumia jioni nzima akimwandaa adui mmoja wa kiwango cha juu, kwa sababu mazimwi yalijengwa kwa hesabu zilezile ndefu za kujengea wahusika.

Dawa yao ilikuwa kumpa kila mhusika, awe mchawi, mpiganaji au kasisi, orodha ya uwezo wa aina tatu: ule wa kutumia wakati wowote, ule wa mara moja kwa kila pambano, na ule wa mara moja kwa siku. Kila aina ya mhusika ilipewa jukumu la wazi ndani ya kundi: kulinda, kuumiza, kuongoza au kulidhibiti eneo la mapambano. Maadui wadogo walipewa pointi moja tu ya uhai, hivyo shujaa aliweza kukabili kundi la watu kumi na kuwaangusha mmoja baada ya mwingine bila DM kushika hesabu za kumi wote. Kazi ya maandalizi ikapungua sana.

Mtazame mpiganaji wa ngazi ya kwanza katika toleo hilo. Ana uwezo mmoja, anaoutumia apendavyo: anampiga adui, anamsukuma kwa ngao mraba mmoja nyuma, kisha yeye mwenyewe anasogea na kusimama pale adui alipokuwa amesimama. Ni mraba mmoja tu. Lakini kama nyuma ya adui pana shimo, au kama nyuma ya mpiganaji yupo mwenzake aliyeanguka anayehitaji kukingwa, mraba huo ndio pambano zima. Mchezaji aliyekaa miaka akisema "napiga" sasa alikuwa na la kuamua kila zamu yake ilipofika. Kwa hesabu yangu hakuna toleo lingine la mchezo huu lililomheshimu mpiganaji kiasi hicho, na wanaosema toleo la nne halikuwa na jema lolote hawakuwahi kuketi mahali pake.

Ugomvi ulianzia hapohapo, kwenye uwezo wa mpiganaji. Akifika ngazi ya saba aliweza kuchagua uwezo ambao, mara moja kwa kila pambano, unawavuta maadui walio ndani ya miraba mitatu waje wamzunguke, kisha anawapiga wote kwa pamoja. Wapinzani wakauliza: kwa nini mara moja tu? Kama ni ufundi wa kuwachokoza maadui, ufundi huo unakwenda wapi dakika mbili baadaye? Na yule mchawi dhaifu wa upande wa pili, anayejua fika kwamba akikaribia upanga atakufa, kwa nini aje? Waliolipenda toleo wakajibu kwamba sababu anaitunga mchezaji mwenyewe. Leo mpiganaji amejifanya amejikwaa, kesho amewatukania mama zao, keshokutwa maadui wamesukumwa na umati. Kanuni inasema kilichotokea, na mezani ndipo panapoamuliwa kimetokeaje.

Haya ni mawazo mawili tofauti kabisa kuhusu kazi ya kanuni, na yote yana heshima yake. Kwa upande mmoja, dunia ya mchezo ipo kwanza, na kanuni inajaribu kuieleza: ukuta una urefu fulani, moto unajaza nafasi fulani, na mchezaji anafikiri kama mtu aliyesimama ndani ya pango lile. Kwa upande wa pili, kanuni inampa mchezaji kipande cha mamlaka juu ya hadithi, na dunia inajipanga kumfuata. Mtu aliyecheza miaka 20 kwa wazo la kwanza alipofungua kitabu cha 2008 alikuta amepewa kazi nyingine. Wengi hawakuweza kulieleza badiliko hilo. Walihisi tu kwamba hawako tena ndani ya pango. Wanaitazama ramani ya pango kutoka juu.

Mzozo juu ya pointi za uhai ulikuwa mkali vilevile. Toleo la nne lilileta kamanda wa vita ambaye kwa kupaza sauti tu humrudishia mwenzake uhai uliopotea. Sauti haifungi kidonda, walisema wapinzani. Lakini Gygax mwenyewe, katika kitabu cha DM cha mwaka 1979, alikwisha kueleza kwamba sehemu kubwa ya pointi hizo si nyama na damu. Ni ustadi wa kukwepa, bahati, na ulinzi wa nguvu zisizoonekana. Kama uhai ni pamoja na moyo wa kupigana, kamanda ana haki ya kuurudisha kwa maneno. Wapinzani nao walikuwa na jibu lao: vitabu vyote tangu 1974 vimempa kasisi dua za kuponya majeraha, na pointi hizo hurudi polepole mhusika anapopumzika kitandani, kama mwili unavyopona. Mchezo ulikuwa umebeba maana mbili kwa miaka zaidi ya 30, na kila meza ilikuwa imechagua yake bila kutangaza. Toleo la nne lilichagua hadharani kwa niaba ya wote.

Shutuma iliyorudiwa kuliko zote, kwamba toleo hili liliugeuza mchezo wa mezani kuwa mchezo wa kompyuta, naiona dhaifu. World of Warcraft ilikuwa na zaidi ya miaka mitatu sokoni, na waliosikia majukumu ya kulinda, kuumiza na kuponya waliikumbuka mara moja. Lakini majukumu hayo yalitoka mezani kwenda kwenye kompyuta: mpiganaji mbele, kasisi nyuma na dua zake za kuponya, ndivyo mchezo ulivyochezwa tangu miaka ya sabini. Tena kompyuta haikuruhusu kufanya jambo ambalo halikuandikwa ndani yake. Kitabu cha DM cha 2008, kwenye ukurasa wa 42, kina jedwali la kumsaidia DM kuamua lolote ambalo mchezaji atabuni na kanuni hazikulitaja: kuning'inia kwenye taa ya dari, kumwagia adui supu ya moto, kuangusha rafu ya vitabu. Ukurasa huo unatosha kuibomoa shutuma yote.

Ila kitabu husomwa kabla hakijachezwa. Aliyefungua kitabu cha wachezaji alikuta kurasa kwa kurasa za visanduku vya rangi: kijani kwa uwezo wa wakati wowote, chekundu kwa wa kila pambano, cheusi kwa wa siku. Uchawi wa zamani ulikuwa na maelezo marefu yenye mambo ya ajabu, mengine hayana faida vitani, na wasomaji waliyapenda kwa sababu hiyohiyo. Sasa sehemu kubwa yake ilikuwa imebaki namba, umbali na idadi ya miraba. Wengi walihukumu kwa kusoma bila kurusha dadu hata moja, na siwezi kuwalaumu sana. Mchapishaji aliyeandaa kurasa zile ndiye aliyechagua kipi kionekane kwanza.

Kisha yakaja mambo ambayo hayakuhusu namna ya kupigana. Malenga, yule mhusika anayetumia wimbo kama wengine wanavyotumia upanga, hakuwemo katika kitabu cha kwanza. Wala watu wadogo wajanja wanaoitwa gnome hawakuorodheshwa kama watu wa kuchezwa. Mchezaji ambaye mhusika wake alikuwa malenga wa kabila la gnome aliambiwa asubiri, na alisubiri hadi kitabu cha pili cha Machi 2009. Forgotten Realms, dunia ambayo maelfu ya meza ziliitumia, ilisogezwa mbele karibu miaka 100, miungu ikafa, nchi nzima zikaangamia. DM aliyejaza mji wa Waterdeep kwa wenye maduka, wezi na mahakimu aliowabuni mwenyewe alikuta kwamba katika vitabu vipya watu hao wote ni marehemu. Hakuna aliyemlazimisha kufuata, ni kweli. Lakini kila kitabu kipya cha dunia hiyo tangu siku ile kilizungumzia mahali ambapo wachezaji wake hawakuwahi kufika.

Na hapo linakuja jambo la leseni, ambalo ndilo lililoamua mwisho wa kisa.

Mwaka 2000 Wizards of the Coast, kwa ushawishi wa ofisa wake Ryan Dancey, ilikuwa imetoa kanuni za msingi za toleo la tatu chini ya leseni huria. Mtu yeyote aliweza kuzichukua, kuzinakili, kuzibadilisha na kuuza kitabu chake bila kuomba ruhusa wala kulipa chochote. Makampuni madogo kwa makumi yaliota juu ya leseni hiyo. Toleo la nne halikuwekwa chini yake. Lilipewa leseni nyingine, yenye masharti mengi, ambayo kampuni ingeweza kuibadilisha itakavyo, na ambayo mwanzoni ilimtaka mchapishaji anayehamisha mfululizo wa vitabu vyake aache kuuchapa kwa leseni ya zamani.

Paizo, kampuni ya jimbo hilohilo la Washington, ilikuwa imechapa majarida mawili rasmi ya mchezo, Dragon na Dungeon, tangu 2002 hadi iliponyimwa mkataba mpya mwaka 2007. Machi 2008, miezi mitatu kabla toleo la nne halijatoka, ilitangaza kwamba haihami. Ingezichukua kanuni za 3.5, izirekebishe, na kuziuza kwa jina la Pathfinder. Rasimu ziligawiwa bure, na wachezaji wakaalikwa kuzijaribu na kueleza kasoro zake. Kitabu kamili, kikiwa na kurasa 576, kilitoka Agosti 2009. Mwaka 2011 orodha za mauzo za ICv2, jarida la wafanyabiashara wa michezo, zikaiweka Pathfinder juu ya Dungeons & Dragons yenyewe.

Jambo hilo huelezwa sana kama kisa cha biashara, kampuni ndogo kuishinda kubwa. Mimi naliona zaidi kama kisa cha haki ya mtu kubaki alipo. Bila leseni ya 2000, waliokataa kuhama wangebaki na vitabu vinavyochakaa, vya mchezo usioandikiwa tena chochote kipya, na hatimaye wangehama au wangeacha. Kwa kuwa leseni ilikuwepo, kutokubaliana kulizaa kitu: mchezo wa pili, wenye watunzi wake, wachoraji wake na wachezaji wake. Hata wapenzi wa vitabu vya kale kabisa vya Gygax walikwisha kuitumia njia hiyo. Mwaka 2006 ulitoka mchezo uitwao OSRIC, uliozijenga upya kanuni za miaka ya sabini kwa kupitia mlango uliofunguliwa mwaka 2000.

Aprili 2009 Wizards of the Coast ilionyesha upande wa pili wa umiliki. Kwa hofu ya wizi wa nakala, iliondoa sokoni faili zote za kidijitali za vitabu vyake, vikiwemo vya matoleo ya zamani ambavyo havikuwa vikichapwa tena. Aliyetaka kununua kihalali kitabu cha 1983 hakuwa na pa kukinunua isipokuwa kwa wauza mitumba. Hali hiyo ilidumu hadi Januari 2013.

Lipo kundi ambalo husahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa, na kwa kweli ndilo linalonihuzunisha. Ni wale walioingia kwenye mchezo kwa mara ya kwanza mwaka 2008 au 2009, wakiwa na miaka 14 au 15, kwa kupitia toleo la nne. Hawakuwa na cha kulinganisha. Kwao, mpiganaji anayemsukuma adui shimoni ndiye alikuwa Dungeons & Dragons. Walipokwenda kutafuta wenzao waliambiwa kwamba wanachokicheza si mchezo halisi, na aliyewaambia mara nyingi alikuwa mtu mzima mwenye miaka 30 ya uzoefu, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa kijana mwenye dadu mpya na hamu ya kukaribishwa. Kutolipenda toleo ni haki ya mtu. Kumfukuza mtoto mezani kwa sababu ya kitabu alichonunuliwa na mzazi wake ni ukatili, na ukatili wa aina hiyo ulitendeka sana miaka ile.

Januari 2012 kampuni ikatangaza toleo jipya na kuwaalika wachezaji wote kulijaribu. Zaidi ya watu 170,000 wakashiriki. Toleo la tano lilipotoka 2014 lilisifiwa kwa kuwarudisha nyumbani waliotawanyika, na sifa hiyo linastahili. Tufe la moto likawa duara tena. Lakini kamanda wa vita hakuwemo kitabuni, na mpiganaji wa kawaida akarudi kusema "napiga". Waliolipenda toleo la nne walitakiwa kufanya kilekile ambacho wapinzani wao walikataa kukifanya mwaka 2008, na wao hawakuwa na mlango wa kutokea. Kwa kuwa kanuni zao hazikuwekwa chini ya leseni huria, hakuna Paizo wa kuwarithi. Programu ya kampuni waliyoitumia kuandaa wahusika wao ilizimwa mwanzoni mwa 2020.

Mawazo ya toleo la nne yameendelea kuishi kwa njia za pembeni. Mwaka 2013 ulitoka mchezo uitwao 13th Age, wa Rob Heinsoo, kiongozi wa ubunifu wa toleo la nne, na Jonathan Tweet, kiongozi wa ubunifu wa toleo la tatu. Wachezaji walipokuwa wakitukanana kwa jina la matoleo hayo mawili, walioyatunga walikuwa wameketi meza moja wakiandika kitabu pamoja. Mchezo wao umechukua kwa pande zote mbili bila kuona haya, na unachezeka vizuri.

Kwa anayedhani chanzo cha hasira za 2008 kilikuwa kanuni za mapigano, Januari 2023 inatoa ushahidi mwingine. Mwezi huo hakuna kanuni hata moja ya mchezo iliyobadilika. Kilichovuja ni rasimu ya leseni mpya, iliyokusudiwa kuifuta ile ya mwaka 2000. Wachapishaji wenye mapato ya zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka wangetakiwa kuyaripoti, na waliopita dola 750,000 wangelipa asilimia 25 ya ziada hiyo. Wachezaji wa toleo la tano, wa Pathfinder, wa toleo la nne na wa vitabu vya Gygax, watu ambao hawakuwa wamekubaliana juu ya lolote kwa miaka 15, walisimama pamoja ndani ya siku chache. Maelfu wakajiondoa kwenye huduma ya kulipia ya kampuni. Tarehe 27 Januari kampuni ikasalimu amri: leseni ya zamani ikabaki, na kanuni za msingi za toleo la tano zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo kampuni haiwezi kuibatilisha.

Vitabu vilivyorekebishwa vya 2024 navyo vimethibitisha jambo hilohilo. Kitabu cha wachezaji cha Septemba mwaka huo kilibadilisha mengi, kikagusa asili za wahusika na karibu kila aina ya shujaa, na watu wakabishana kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaobishana juu ya mchezo. Hasira ya kweli ilizuka mwezi mmoja kabla, Agosti, kampuni iliposema kwamba katika programu yake ya mtandaoni maandishi ya uchawi na vifaa vya zamani yangebadilishwa kuwa mapya ndani ya karatasi za wahusika ambao watu walikuwa tayari wanawacheza. Hakuna aliyekuwa amechukia uchawi mpya. Walichokikataa ni mkono wa mtu wa ofisini kuingia kwenye karatasi ya mhusika wao katikati ya kisa. Baada ya siku chache mpango huo ukaachwa.

Aprili 2025 kanuni za msingi za marekebisho hayo ya 2024 nazo zilitolewa chini ya Creative Commons. Ni hatua njema, nami naipongeza bila kusita. Lakini kanuni za 2008, ambazo kampuni haizitegemei tena kwa mauzo na ambazo watu wazima wa leo walizipenda wakiwa na miaka 14, hazikujumuishwa. Kuziachia kungehitaji kazi ya wanasheria na wahariri wachache kwa muda mfupi. Wale waliofukuzwa mezani wakati ule, kisha wakanyang'anywa mchezo wenyewe, wangeweza hatimaye kuuandikia vitabu vyao.